Kuipoza injini ya ndege ya rimoti ikiwa bado chini: mwongozo kwa joto la Malindi

Injini nyingi za ndege za rimoti ninazoletewa haziharibikii angani. Huharibikia chini, ndege imefungwa kamba, mwenyewe ameinama na bisibisi anatafuta mlio mzuri, dakika ya tano yaingia ya sita. Kazi yangu hapa Malindi ni mashine za boti, lakini vijana wananiletea na hizi ndogo, na ninapozifungua mezani nakuta habari ile ile: pistoni imechubuka upande wa tundu la moshi, oili imekauka kama lami, ringi imegandana na mfereji wake. Kila ninayemuuliza ananiambia haikuwa imeruka hata mara moja siku hiyo.

Hapa nazungumzia injini zinazopozwa kwa hewa: zile za petroli za stroki mbili, tuseme cc 20 hadi 60, na zile ndogo za methanoli zenye plagi ya glo, ile inayowasha mafuta kwa waya wake mwekundu wa moto. Kama yako ni ya betri, mambo yake ni mengine.

Kwa nini chini ni kubaya kuliko juu

Injini ndogo ya stroki mbili haigeuzi hata theluthi ya nguvu ya mafuta kuwa mzunguko wa pangaboi. Inayobaki yote ni joto. Sehemu yake inatoka na moshi, na nyingine lazima itolewe na mapezi, yale mabapa membamba yaliyozunguka silinda. Mapezi hayafanyi kitu bila hewa inayopita kati yake. Ndege ikiwa juu inakwenda kilomita 80 kwa saa au zaidi, na hewa inajisukuma yenyewe ndani ya boneti, yaani kifuniko cha injini. Ikiwa chini inategemea upepo wa pangaboi peke yake.

Upepo huo unadanganya. Ukisimama nyuma ya mkia unaona mchanga unaruka na shati linapepea, unadhani injini nayo inapata vivyo hivyo. Haipati. Pangaboi linasukuma hewa kwa sehemu yake ya nje inayokwenda kasi. Karibu na kitovu ubapa wake ni mnene na mwendo wake ni mdogo, na matundu ya boneti yako hapo hapo karibu na kitovu. Injini inapigwa na upepo dhaifu kuliko wote, wakati ambapo wewe umeiachia nguvu zote.

Chagua saa kwanza, kisha mahali

Machi hapa kwetu ni zaidi ya nyuzi 30 kivulini, na mchanga wa saa saba mchana hauutembei peku. Hewa iliyolala juu ya mchanga huo ndiyo injini yako inayoivuta. Fanya kazi ya chini kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa mbili uwe umemaliza, au ngoja baada ya alasiri. Jihadhari zaidi na tangambili, zile wiki kati ya Kaskazi na Kusi ambapo upepo unakufa. Watu huzipenda kwa kurusha kwa sababu ya utulivu, na ni kweli ni tamu, lakini chini ndipo injini inapopata moto upesi kuliko wakati wowote wa mwaka.

Upepo ukiwepo, pua ya ndege iutazame. Msimu wa Kaskazi itazame kaskazini mashariki, msimu wa Kusi iielekeze kusini. Upepo ukitokea mkiani unarudisha hewa ya moto na moshi ndani ya boneti, na injini inapumua uchafu wake yenyewe.

Mahali pawe pagumu: zege, udongo ulioshindiliwa, au kipande cha plaiwudi chini ya pua. Usitandike mkeka wala turubai lisilofungwa, litavutwa na pangaboi. Kama ni mchanga mtupu, umwagie maji ya kisima kabla ya kuwasha. Ya bahari usiyatumie, yanakauka na kubaki chumvi ambayo inarushwa moja kwa moja kwenye kabureta na beringi. Kigingi nacho hakishiki mchangani. Zika gunia lililojaa mchanga, kina cha mkono hadi kiwiko, na ufunge kamba ya nailoni kutoka kwenye gunia hilo hadi kwenye mwili wa ndege mbele ya mkia. Wavuvi hufunga ngalawa hivyo na haiendi popote.

Uwe mbali na uwanja wa ndege, ambao hapa uko karibu mno na mji. Kama baadaye utaruka, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani ndani. Zisome kabla, si baada.

Boneti: hewa haiingii pasipo na pa kutokea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Aliyekulia nyumba za mwambao analijua hili bila kufundishwa. Fungua dirisha la upande wa bahari, funga mlango wa ua, na chumba kitabaki tanuri. Fungua ua, mara pazia linaanza kucheza. Boneti ya ndege ni vivyo hivyo. Injini ikipata moto, watu wanakimbilia kupanua matundu ya mbele, na wakishapanua hali inabaki ile ile au inazidi, kwa kuwa hewa imejaa ndani haina njia. Pima nyuma kwanza.

Eneo la kutokea hewa liwe angalau mara mbili ya eneo la kuingilia. Kwa joto la hapa mimi napendelea karibu mara tatu. Hewa ikishapita kwenye mapezi imepata moto na imetanuka, inahitaji nafasi zaidi kuliko ilipoingia. Chukua rula. Tuseme una matundu mawili mbele, kila moja sentimita 3 kwa 2. Hilo ni eneo la sentimita za mraba 6 mara mbili, yaani 12. Nyuma unahitaji 24 hadi 36. Mwanya mmoja chini ya boneti, upana sentimita 10 na urefu 3, unakupa 30. Ukimaliza kuukata, kunja ukingo wake wa mbele uwe kama mdomo ulioning'inia kidogo chini. Hewa inayopita nje ya mdomo huo inaivuta ile ya ndani itoke.

Jambo la pili: hewa hufuata njia rahisi. Silinda imejaa mapezi, pembeni yake kuna uwazi mkubwa, basi hewa inapita pembeni na kwenda zake. Lazima uizibie. Kata kadibodi kwanza kama pateni, ijaribu, ikikaa sawa ihamishie kwenye plaiwudi nyembamba na uibandike ndani ya boneti kwa gundi ya epoksi. Vibao hivyo viikaribie silinda, viache nafasi ya milimita 3 hadi 5 tu, na vizunguke kidogo hadi mgongoni mwake. Mgongo wa silinda husahauliwa. Mbele kunapoa, nyuma kunaungua, na silinda inajipinda kwa kutanuka upande mmoja kuliko mwingine.

Kazi hii si ya wapenda michezo pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wahandisi wa NACA, kamati ya serikali ya utafiti wa ndege, kule Langley, Marekani, waliishughulikia kwenye ndege kubwa, na boneti yao iliyopunguza ukinzani wa hewa huku silinda zikiendelea kupoa ikapata Tuzo ya Collier ya mwaka 1929, tuzo kubwa ya kule kwa mambo ya anga. Kabla yao Wafaransa walikuwa na jibu lingine: injini ya Gnome, iliyoanza kuruka mwaka 1909, ilizungusha silinda zenyewe pamoja na pangaboi, ili zipoe hata ndege ikiwa imesimama. Wote walikuwa wanapigana na joto hili hili.

Baada ya kukata na kuziba, hakikisha kwa moshi wa udi. Toa tangi la mafuta, litoe nje ya chumba kabisa, futa injini hadi isinuke. Weka feni ya mezani hatua moja mbele ya pua, washa udi wa kijiti (usitumie chetezo, makaa yanaruka cheche) na uushike kwenye tundu la mbele. Angalia moshi unatokea wapi. Mara ya kwanza tulipofanya hivi, mpwa wangu aliyeshika kijiti alisema, "Mjomba, huu moshi warudi huku mbele." Ulikuwa unaingia tundu la kulia na kutokea la kushoto, silinda hata haujaigusa. Tuliongeza mwanya wa chini, tukaziba pembeni kwa kadibodi, na moshi ukaanza kupenya katikati ya mapezi na kushuka chini kwa mkondo mmoja. Siku ile tulikuwa hatujatumia hata tone la mafuta na kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Mapezi yenyewe yasafishe kila mara kwa mswaki mkavu. Mchanga na oili vikichanganyika vinakuwa blanketi.

Mafuta na oili

Hapa Malindi kosa la kwanza ni rahisi kulifanya, kwa sababu kila duka la vifaa vya uvuvi lina oili ya stroki mbili na sura zake zinafanana. Nililifanya mwenyewe. Nilimchanganyia mpwa wangu petroli kwa oili niliyokuwa nayo benchini, ile ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3. Injini ikawaka vizuri, ikachangamka, na kwa dakika kama nne mlio ulikuwa safi. Kisha ukaanza kushuka polepole bila mtu kugusa rimoti, kama mtu anayechoka kupanda ngazi. Kijana akaniambia, "Mjomba, yanuka kuungua." Nikazima. Niliposhika pangaboi baada ya kusubiri lilikuwa zito, linakwaruza. Nikafungua kichwa nikaona ringi imeshika, na ukuta wa silinda una mistari ninayoihisi kwa ukucha.

Oili ya boti imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari, ambayo ukuta wa silinda yake haupati moto mkali. Injini ya hewa inafika nyuzi ambazo oili hiyo haikuumbwa kuzihimili. Tafuta oili ya stroki mbili ya injini za hewa, kopo lenye alama ya JASO FD. Uwiano ufuate kitabu cha injini yako. Ukiambiwa 40 kwa 1 ni mililita 25 za oili kwa lita moja ya petroli. 32 kwa 1 ni mililita 31. Pima kwa sindano kubwa ya duka la dawa, usikisie kwa kifuniko.

Injini za methanoli zina faida moja kubwa: methanoli inahitaji karibu mara tatu ya joto linalohitajiwa na petroli, kilo kwa kilo, ili igeuke mvuke, na inalivuta joto hilo kutoka ndani ya injini. Mafuta yenyewe yanaipoza. Ndiyo maana ukifunga sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta yanayoingia, nusu zamu tu kupita kiasi, injini inapanda moto ghafla. Mimi napenda mchanganyiko wenye mafuta ya mbarika ndani yake, hata kama ni sehemu tu ya oili yote, kwa kuwa mbarika hushikilia chuma kwenye joto ambalo oili nyingine imeshakimbia. Inaacha uchafu wa kahawia, utasugua, lakini pistoni itakuwa nzima. Usichukue ile ya kupaka nywele iliyotiwa manukato. Na kopo la methanoli lifunge kila unapomimina: inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya hapa ina unyevu wa kutosha.

Kuwasha na kupasha

Kabla ya kuwasha, kunja mikono ya kanzu au shati, kikoi kibane au vaa suruali, leso na mtandio vikae mbali. Asisimame mtu usawa wa pangaboi, kulia wala kushoto. Kila mtu nyuma yake. Mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe karibu. Moto wa methanoli hauonekani kwenye jua. Utaona hewa inatetemeka au karatasi inajikunja bila sababu. Hapo ujue unawaka.

Anza na mafuta mengi. Fungua sindano ya kabureta zaidi kidogo kuliko utakavyohitaji, injini itoe moshi na mlio mzito. Iache mwendo wa chini, na hapo ihesabu: dakika moja au mbili kupata uvuguvugu zinatosha. Ndipo upige resi hadi mwisho, uisikilize, na urudi chini. Sekunde 10, zikizidi 15. Mimi nahesabu kwa sauti, na aliyeshika mkia naye anahesabu, kwa sababu anayesikiliza mlio anapoteza hesabu. Kisha iache chini nusu dakika kabla ya kugusa sindano tena. Gusa kidogo, jaribu tena. Ukifanya mizunguko minne au mitano bila kupata unachotafuta, zima, kaa kivulini, fikiri. Tatizo pengine si sindano.

Kama kazi ni ndefu, kwa mfano injini mpya inayozoezwa, vua boneti na uweke feni au blowa mbele ikipuliza muda wote. Lakini marekebisho ya mwisho yafanye boneti ikiwa imerudi, kwani ikivaa hubadilisha hewa inayofika kwenye kabureta, na injini iliyokuwa sawa nje inaweza kupungukiwa mafuta ndani. Pangaboi nalo liwe la kipimo kilichoandikwa na watengenezaji. Kubwa kupita kiasi linaibebesha injini mzigo na joto linapanda hata kila kitu kingine kikiwa sawa.

Kuna tahadhari ya upande wa pili. Injini ndogo za methanoli zenye pistoni ya alumini ndani ya silinda ya shaba iliyopakwa kromiamu zimetengenezwa zibane juu zikiwa baridi. Silinda inatanuka kuliko pistoni ikipata moto, na hapo ndipo vinapokaa sawa. Ukiiendesha muda mrefu ikiwa baridi, imelowa mafuta tele, unaisaga. Hiyo iache ifike joto lake la kazi, kwa vipindi vifupi, kisha ipoe.

Kupima

Nunua kipimajoto cha bastola, cha mafundi. Vile tulivyoelekezewa kwenye paji la uso milangoni mwaka 2020 havifai. Hupima joto la mwili tu. Alumini inayong'aa hudanganya kipimo, inaonyesha joto dogo kuliko lililopo. Paka doa jeusi lisilong'aa karibu na mguu wa plagi, doa la ukubwa wa shilingi, na upime hapo hapo kila siku ukiwa umezima pangaboi limesimama. Injini yangu ya petroli ya cc 30 naiachia ifike nyuzi 130 hivi. Ikigusa 150 naipumzisha na kutafuta sababu. Yako ina kitabu chake, kifuate.

Kama huna kipimajoto, zima, kisha chovya kidole kwenye maji na udondoshe tone moja kwenye kichwa cha silinda. Likichemka na kukauka kwa sauti, umepita nyuzi 100, ni kawaida. Likikimbia juu ya chuma kama shanga bila kukauka, vile linavyokimbia kwenye kikaango cha chapati kilichosahaulika jikoni, uko karibu na 200, na siku hiyo injini hiyo haiwashwi tena. Tone moja tu. Usimwagie maji kuipoza; chuma cha moto kikipoa ghafla kinapinda au kupasuka.

Dalili za kuzisikia na kuziona

Mlio unaoshuka wakati mkono wako haujasogea ndio wa kwanza, na ukiusikia punguza papo hapo. Moshi unaokatika ilhali injini iko juu ni mafuta machache. Injini inayogoma kuzimika, au inayozimika ukirudisha chini ghafla baada ya resi ndefu, imepata moto. Ipoe, kisha ufungue plagi: ikiwa rangi ya chai ya maziwa, uko sawa, nyeupe kama chokaa, unaiunguza, nyeusi iliyolowa, mafuta ni mengi, na hilo silo la haraka.

Kuzima

Usiizime kutoka resi kubwa. Irudishe mwendo wa chini, pua ikiwa upeponi, nusu dakika hadi dakika nzima. Ukizima ghafla hewa inasimama lakini joto lililo ndani ya chuma linaendelea kutoka, linapanda kwenye kabureta na mipira ya mafuta. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, petroli huanza chini ya hapo, na utakapotaka kuwasha tena utakuta mvuke mahali pa mafuta; utavuta pangaboi hadi uchoke. Baada ya kuzima, vua boneti kama inavuliwa upesi, na iache injini wazi kivulini robo saa kabla ya jaribio lingine.

Mwisho wa siku ondoa mafuta tanki lote, washa injini iyamalize yaliyobaki kwenye kabureta, kisha dondosha matone machache ya oili nyepesi ndani na uzungushe pangaboi kwa mkono mara kumi, ili hewa ya chumvi ikute beringi zimepakwa. Ifunge kwa kitambaa kikavu cha pamba. Mfuko wa plastiki unashika unyevu, na kesho utakuta kutu.